Pua isiyopumzika: vidonge, matone, sindano au steroidi ya kupuliza?

Katika famasi ninakofanya kazi hapa Busia, upande wa Uganda, haipiti wiki bila mtu kuegemea kaunta na kuniambia kwamba ana ssenyiga, yaani mafua, isiyokwisha. Kila asubuhi anapiga chafya mfululizo hadi machozi yanamtoka, kamasi nyepesi kama maji zinachuruzika, macho na kaakaa vinawasha, na usiku tundu moja la pua likifunguka jingine linaziba. Hana homa wala maumivu ya viungo. Ameshameza dawa za malaria kwa ushauri wa jirani, ameshamaliza dozi ya viuavijasumu, na hali ni ileile. Mafua ya virusi kwa kawaida huisha ndani ya siku saba hadi kumi. Huyu amekaa nayo miezi. Mara nyingi alichonacho ni mzio wa pua, au aleji kama tunavyosema barabarani, na anachohitaji ni kuchagua vizuri kati ya dawa nne au tano zilizo kwenye rafu mbele yake, ambazo hazifanani kwa kazi wala kwa hatari.

Waingereza wanauita ugonjwa huu kwa jina lenye maana ya homa ya nyasi kavu, na jina hilo limewapotosha wengi. Daktari John Bostock, aliyeueleza huko London mwaka 1819, aliujua vizuri kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wake, lakini ni Charles Blackley wa Manchester, katika kitabu chake cha mwaka 1873, aliyeonyesha kwa kujifanyia majaribio kwamba kinachosumbua ni chavua, yaani ule ungaunga wa maua ya nyasi. Si homa, na si nyasi zilizokauka. Kwetu Uganda kuna nyasi za kutosha, nazo hutoa maua mvua zikishazistawisha, kwa hiyo wapo ambao pua zao huanza kusumbua mvua za Machi hadi Mei zinapoelekea ukingoni, kisha tena mwishoni mwa mvua za Septemba hadi Novemba. Hata hivyo wengi ninaowahudumia hawana msimu. Wanaishi mwaka mzima na utitiri wa vumbi, yaani wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, ulio ndani ya magodoro na mablanketi, na mende wa jikoni, na kuvu ya ukutani. Vumbi jekundu la barabara za murram na moshi wa makaa si chanzo cha mzio wenyewe, bali huikera pua ambayo tayari imevimba.

Kwanza hesabu siku

Wataalamu wa mzio wana kipimo ambacho ningependa kila mnunuzi akijue kabla hajatoa pesa. Dalili zikikusumbua chini ya siku nne kwa wiki, au kwa kipindi kisichofika wiki nne, ugonjwa huo ni wa vipindi. Zikikusumbua siku nne au zaidi kwa wiki, na hali hiyo ikaendelea kwa wiki nne au zaidi, huo ni wa kudumu. Kisha jiulize kama unakuharibia usingizi, kazi au masomo. Mwenye mzio wa vipindi ambao haumnyimi usingizi anaweza kutosheka na kidonge siku anayougua. Mwenye mzio wa kudumu, na hasa yule ambaye kuziba kwa pua ndiko kunakomtesa kuliko chafya, ndiye anayepaswa kufikiria steroidi ya kupuliza, yaani dawa ya kutuliza uvimbe inayopulizwa puani, kabla ya kitu kingine chochote.

Vidonge vikiwekwa kando ya dawa ya kupuliza

Piriton, yaani klorofeniramini ya miligramu 4, inajulikana kila kijiji kwa sababu ni ya bei ndogo na inapatikana hata katika duka dogo la dawa. Inazuia histamini, kemikali ambayo mwili huimwaga unapokutana na chavua au utitiri, na ndani ya muda mfupi chafya, muwasho na kamasi hupungua. Tatizo lake ni kwamba inaingia kwenye ubongo na kuleta usingizi mzito, na mtu anaweza kuamka asubuhi akiona yuko sawa kumbe wepesi wake wa kuitikia mambo bado haujarudi. Simpi mwendesha boda boda Piriton ya mchana, na namweleza kwa nini. Setirizini na loratadini, kidonge kimoja cha miligramu 10 kwa siku, zinafanya kazi hiyohiyo kwa usingizi mdogo zaidi, na kati ya hizo mbili loratadini ndiyo inayolewesha kidogo kuliko mwenzake.

Lakini vidonge vyote hivi, vya zamani na vipya, ni dhaifu mbele ya pua iliyoziba. Mwaka 1998 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa majaribio 16 yaliyopambanisha vidonge vya kuzuia histamini na steroidi za kupuliza puani, na steroidi zilishinda kwa kuziba kwa pua, kwa kamasi, kwa chafya na kwa muwasho. Kwa dalili za macho hapakuonekana tofauti. Sababu yake inaeleweka. Kidonge kinazuia kemikali moja tu baada ya kuwa imeshamwagwa, wakati steroidi inatuliza chembe zenyewe zinazomwaga histamini pamoja na kemikali nyingine nyingi, hivyo utando wa pua unanywea na njia ya hewa inafunguka.

Kidonge kina faida moja ya kweli, nayo ni haraka. Steroidi ya kupuliza inaweza kuanza kusaidia kidogo ndani ya saa 12, lakini wengi huhisi nafuu baada ya siku kadhaa, na nguvu yake kamili huonekana baada ya wiki mbili za kuitumia kila siku bila kuruka. Hapa ndipo watu wanapoipoteza. Mtu ananunua chupa Jumatatu, Alhamisi anarudi kusema haifanyi kazi, na chupa inabaki dirishani ikipigwa na jua. Ndiyo maana wakati wa kuuza namhesabia siku 14 kwenye kalenda, na kama anateseka sana naweza kumpa setirizini ya kumvusha katika wiki hiyo ya kwanza.

Kuna kidonge kingine, montelukasti, ambacho baadhi ya wagonjwa huja nacho wakiwa wameandikiwa. Kwa mzio wa pua peke yake hakiizidi steroidi ya kupuliza, na mnamo Machi 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikiwekea onyo lake kali kabisa kwa sababu ya mabadiliko ya akili kama vile ndoto mbaya, huzuni na hata mawazo ya kujiua, ikashauri kisitumike kwa mzio wa pua ila pale ambapo dawa nyingine zimeshindwa au hazimfai mgonjwa.

Matone ya kufungua pua

Oksimetazolini na zailometazolini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Otrivin, hufungua pua ndani ya dakika chache kwa kubana mishipa ya damu iliyovimba. Hakuna dawa inayompendeza mnunuzi haraka kama hii, na hakuna inayomnasa kama hii. Ikitumika zaidi ya siku tano hivi, mishipa huanza kuitegemea: dawa inapoisha nguvu pua inaziba kuliko mwanzo, mtu anatia tena, muda wa nafuu unafupika, na mduara unakaza. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa akisubiri foleni ya mpakani alinipangia kaunta chupa tatu tupu akitaka ya nne, na aliponiruhusu kumulika tochi nikaona utando wa pua yake ukiwa mwekundu na umejaa hadi hapakuwa na upenyo. Alikuwa ametia matone miezi kadhaa. Ugonjwa wake wa wakati huo haukuwa mzio tena, ulikuwa dawa yenyewe.

Kinachomtoa mtu hapo ni kuacha matone na kuanza steroidi ya kupuliza, akijua mapema kwamba siku za kwanza kuziba kutazidi kabla ya kupungua. Wengine huacha tundu moja kwanza, kisha la pili, ili wabaki na upande wa kupumulia usiku. Matone haya yana nafasi yake halali: siku tatu za mwanzo, pua ikiwa imeziba kiasi kwamba steroidi haiwezi hata kuingia. Mwenye presha ya damu au ugonjwa wa moyo aulize kwanza, na mtoto mdogo asitiwe bila maelekezo ya mtaalamu.

Usichanganye matone haya na yale ya betamethasoni, ambayo mara nyingi huunganishwa na kiuavijasumu cha neomisini na kuuzwa kwa ajili ya macho, masikio na pua kwa pamoja. Hiyo nayo ni steroidi, lakini inapenya mwilini zaidi kuliko dawa za kisasa za kupuliza, kwa hiyo ni ya muda mfupi chini ya uangalizi, si ya kuwekwa nyumbani na kutiwa kila pua inapoziba.

Sindano

Neno steroidi linawaogopesha watu, na hofu hiyo haikuzuka bure. Tumeona nyuso zilizovimba kama mwezi kwa sababu ya deksamethasoni na prednisoloni zilizomezwa kwa miezi, na tumeona ngozi zilizokonda kwa krimu za kujichubua. Kinachoniuma ni kwamba mtu yuleyule anayeirudisha chupa ya kupuliza kwa sababu ameona neno hilo kwenye boksi, kesho yake anakubali kudungwa sindano ya mzio bila kuuliza ndani yake kuna nini, wakati iliyomo mara nyingi ni steroidi ileile ya kundi lake, tena kwa kiasi kinachoshinda chupa nzima.

Tufanye hesabu. Mtu mzima anayetumia flutikasoni propionati hupuliza mara mbili katika kila tundu, mara moja kwa siku. Kila mpulizo una mikrogramu 50, kwa hiyo jumla ni mikrogramu 200. Chini ya asilimia 2 ya hizo ndizo zinazofika kwenye damu, yaani chini ya mikrogramu 4. Kidonge kimoja tu cha prednisoloni cha miligramu 5 ni mikrogramu 5,000, na sehemu kubwa yake inaingia kwenye damu. Sindano ya triamsinoloni ya miligramu 40 ni mikrogramu 40,000 zinazowekwa ndani ya msuli ziyeyuke polepole kwa wiki kadhaa. Ni kweli kwamba mikrogramu moja ya flutikasoni ina nguvu kuliko mikrogramu moja ya prednisoloni, kwa hiyo namba hizi hazilingani moja kwa moja, lakini hata ukiweka tofauti hiyo kwenye mizani, pengo linabaki kubwa sana.

Na sindano ikishaingia haitolewi. Ikipandisha sukari, itaipandisha kwa wiki. Ikipandisha presha, hivyohivyo. Ikizilaza tezi za juu ya figo, ambazo ndizo zinazotengeneza steroidi ya asili ya mwili, mtu anaweza kuishiwa nguvu vibaya siku anapougua jambo jingine. Inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, jambo ambalo katika nchi kama yetu halipaswi kupuuzwa, na mahali ilipodungwa panaweza kubaki shimo. Mama yangu mdogo alidungwa sindano za aina hiyo mara tatu ndani ya mwaka mmoja katika kliniki moja, na hakuna aliyemuuliza kama ana kisukari. Alikuwa nacho. Kila baada ya sindano pua ilifunguka kwa raha, na sukari yake ikakataa kushuka hata alipokula kwa uangalifu, mpaka siku aliponiletea kadi yake nikaona tarehe za sindano na tarehe za sukari kupanda zikifuatana mstari kwa mstari. Sasa anapuliza chupa, anapumua vizuri, na sukari yake imerudi kutawalika kwa dawa zake za kawaida. Siwezi kumshauri mtu yeyote mwenye mzio wa pua wa kawaida akubali sindano hiyo.

Kati ya chupa na chupa

Nimeyaandika majina ya dawa kwa matamshi yetu. Kwenye boksi utayakuta kama beclometasone, budesonide, fluticasone na mometasone, na inafaa usome jina hilo dogo kabla ya jina kubwa la kibiashara, kwa sababu Flixonase na Avamys, kwa mfano, zote ni flutikasoni lakini za aina tofauti na dozi tofauti, wakati Nasonex ni mometasoni. Kwa uwezo wa kufungua pua, tofauti kati ya dawa hizi ni ndogo. Tofauti inayostahili kukusumbua ni kiasi kinachoingia mwilini, umri, idadi ya mipulizo, na dawa nyingine unazomeza.

Beklometasoni ndiyo mzee wao, imetumika tangu miaka ya 1970. Takriban asilimia 44 ya dozi yake huishia kwenye damu, nyingi ikiwa ile iliyoteremka kooni na kumezwa. Kwa budesonidi ni karibu theluthi moja. Kwa flutikasoni propionati ni chini ya asilimia 2, na kwa mometasoni na flutikasoni furoati ni chini ya asilimia 1, kwa kuwa ini huziharibu karibu zote kabla hazijasambaa. Kwa mtu mzima anayetumia dozi ya kawaida, hata beklometasoni haileti shida kubwa. Kwa mtoto anayekua tofauti hiyo ina uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliwafuata watoto wa miaka 6 hadi 9 kwa mwaka mmoja: waliopuliza beklometasoni mara mbili kwa siku walirefuka sentimita 5.0, wenzao waliopewa chupa isiyo na dawa ndani yake, ili kulinganisha, wakarefuka sentimita 5.9. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo juu ya mometasoni haukuona urefu kupungua. Kwa mtoto, basi, mimi huanza na mometasoni, ambayo kwa kawaida huruhusiwa kuanzia miaka 3, au flutikasoni propionati kuanzia miaka 4, mpulizo mmoja katika kila tundu mara moja kwa siku. Beklometasoni na budesonidi ni za kuanzia miaka 6. Mtoto anayepuliza kwa miezi mingi apimwe urefu kila anapofika kituo cha afya, na mzazi aiweke karatasi ya vipimo hivyo.

Kwa mtazamo huo beklometasoni inaonekana kushindwa kila mahali. Kuna mahali pamoja ambapo inashinda, na hapo kosa linaweza kuwa kubwa. Mtu anayetumia dawa za VVU zenye ritonaviri, iwe pamoja na atazanaviri, lopinaviri au darunaviri, asitumie flutikasoni wala budesonidi bila daktari wake kujua. Ritonaviri huizuia ile kazi ya ini iliyokuwa ikiiharibu flutikasoni, kwa hiyo ile asilimia ndogo tuliyoisifia inageuka kuwa kubwa, dawa inarundikana kwenye damu, na baada ya wiki au miezi uso unavimba, tumbo linajaa, sukari na presha vinapanda, na tezi za juu ya figo zinalala. Yote hayo kwa chupa ya puani. Mometasoni huharibiwa na ini kwa njia hiyohiyo, kwa hiyo nayo inahitaji tahadhari. Beklometasoni haitegemei njia hiyo kwa kiasi hicho, na ndiyo inayopendekezwa kwa watu hao. Wengi wanaoanza dawa za VVU nchini sasa wanapewa dolutegraviri, ambayo haina mgongano huu. Wanaohusika zaidi ni waliohamishiwa mstari wa pili, yaani dawa zinazotolewa pale zile za kwanza zinaposhindwa. Sindano ya triamsinoloni kwa mtu anayemeza ritonaviri ni mbaya zaidi kuliko zote. Vidonge vya fangasi vya ketokonazoli na itrakonazoli vinafanya jambo linalofanana.

Najua ugumu uliopo. Mtu hataki kutaja dawa zake za VVU mbele ya foleni ya wateja, na hapaswi kulazimishwa kufanya hivyo. Omba kuzungumza na mfamasia pembeni, au mwonyeshe boksi kwenye simu bila kusema neno, au umuulize musawo, yaani mhudumu wa afya, wa kliniki unakochukulia dawa kabla hujaja kununua. Mimi humuuliza kila mnunuzi wa chupa hizi kwa sauti ya chini, bila kumbagua yeyote kwa sura, kama kuna dawa anayoimeza kila siku.

Mama mjamzito ambaye kusafisha pua kwa maji ya chumvi hakujamtosha huelekezwa zaidi kwenye budesonidi, kwa kuwa ndiyo iliyofuatiliwa kwa wajawazito wengi zaidi. Flutikasoni na mometasoni nazo hukubaliwa, na triamsinoloni ya kupuliza ndiyo inayoepukwa.

Kuhusu gharama, usilinganishe bei ya chupa, linganisha bei ya mwezi. Chupa ya flutikasoni yenye mipulizo 120, kwa mipulizo minne kwa siku, inakaa siku 30; ukishapata nafuu na kushuka hadi miwili, inakaa siku 60. Chupa ya beklometasoni yenye mipulizo 200 inaonekana imejaa zaidi, lakini dozi yake ya mtu mzima ni mipulizo miwili kila tundu mara mbili kwa siku, yaani minane, kwa hiyo inaisha siku ya 25, na kukumbuka mara mbili kwa siku ni kazi nzito kuliko kukumbuka mara moja.

Namna ya kupuliza

Mzee mmoja alinilalamikia kwamba dawa inamchoma koo na haifungui pua. Nikamwomba anionyeshe anavyofanya. Akarudisha kichwa nyuma hadi akawa anatazama dari, akasukuma ncha ya chupa ndani kabisa kuelekea katikati, akabonyeza, kisha akavuta kwa nguvu kama anayenusa ugoro. Dawa yote ilikwenda kooni, na sehemu iliyobaki ilipiga ukuta wa kati wa pua, mahali ambapo mishipa ya damu iko juujuu na ambapo damu ya puani hutokea kwa urahisi. Katika dawa hizi, namna ya kushika chupa inaamua mambo mengi kuliko jina lililo kwenye boksi.

Penga kamasi kwanza, taratibu. Ikiwa pua imejaa ukoko au vumbi la siku nzima, isafishe kwa maji ya chumvi: nusu kijiko kidogo cha chumvi katika kikombe cha mililita 250 cha maji yaliyochemshwa na kupoa, kamwe si maji ya bomba au ya kisima yasiyochemshwa, kwa sababu yanaweza kuwa na vimelea ambavyo vikipitia puani ni hatari kwa ubongo. Subiri dakika kumi. Tikisa chupa. Ikiwa ni mpya, au imekaa bila kutumiwa, bonyeza hewani hadi itoke ukungu laini. Inamisha kichwa mbele kidogo, kama mtu anayesoma gazeti lililo magotini. Tundu la kushoto lipulizie kwa mkono wa kulia, na la kulia kwa mkono wa kushoto; mkono ukipita mbele ya uso hivyo, ncha yenyewe inaelekea nje, upande wa sikio, na kuuacha ukuta wa kati. Ingiza ncha kidogo tu, bonyeza, na vuta hewa polepole kama unavyonusa ua. Ukionja dawa kooni, umevuta kwa nguvu mno. Usipenge tena kwa dakika kumi na tano. Futa ncha kwa kitambaa safi, funika, na usimwazime mtu chupa yako hata kama ni wa nyumba moja nawe. Ncha ikiziba, ioshe kwa maji ya vuguvugu. Ukiichokoa kwa pini unaipanua tundu lake na kuanzia hapo hujui tena unapuliza kiasi gani.

Mzee yule alijaribu mara tatu mbele yangu, na mara ya tatu akanitazama kwa mshangao kwa sababu hakuonja kitu.

Damu kidogo kwenye kamasi ndiyo athari inayotokea zaidi, pamoja na ukavu na kuchoma. Mara nyingi ni dalili kwamba ncha inapiga ukuta wa kati: pumzisha upande huo siku mbili tatu, rekebisha mkono, kisha endelea. Damu ikizidi kutoka, au ukisikia mluzi ukipumua, acha na ukachunguzwe, kwani kwa nadra sana ukuta huo unaweza kutoboka. Mwenye presha ya macho au mtoto wa jicho apimwe macho akiwa anaitumia kwa muda mrefu. Mwenye kifua kikuu ambacho hakijatibiwa, mwenye malengelenge ya herpesi jichoni, na aliyefanyiwa upasuaji wa pua hivi karibuni au ana kidonda ndani yake, asianze bila daktari.

Yapo mambo ambayo hayapaswi kufika kwenye kaunta yangu kabisa. Pua inayoziba upande mmoja tu kwa wiki nyingi, kamasi zenye damu kutoka upande mmoja, uvimbe wa uso, au kupotea kwa harufu pamoja na maumivu makali, vinahitaji mtaalamu wa masikio, pua na koo, ambaye utampata katika hospitali ya taifa ya Mulago, Kampala, na katika hospitali za rufaa za mikoa. Mtoto mdogo anayetoa kamasi zenye harufu mbaya kutoka tundu moja huenda amejitia haragwe au punje ya mahindi. Apelekwe siku hiyohiyo, na asipuliziwe chochote. Mwenye kifua kinachobana na kupiga filimbi usiku ana dalili za pumu, ambayo mara nyingi huandamana na mzio wa pua na inahitaji dawa yake.

Nunua kwenye famasi yenye leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, kwa sababu duka la dawa la kawaida limeruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti tu. Kagua tarehe ya mwisho na muhuri wa boksi, na andika tarehe uliyofungua kwa kalamu kwenye chupa yenyewe, kwani baadhi yake hazifai tena baada ya miezi miwili. Dalili zikitulia, shuka hadi mpulizo mmoja kila tundu na ukae kwenye kipimo kidogo kabisa kinachokutosha. Na kama pua yako ni ya msimu, ikianza kusumbua kila mwisho wa Mei, chupa ifunguliwe katikati ya Mei, kabla ya chafya ya kwanza.